Matanga ya Ambakisye

Mwalimu Liberatus Mgaya alipowaalika wachoraji wa Tanzania na Zambia kwenye maonyesho ya pamoja yatakayoanzia Mbeya, yaende Iringa, kisha Lusaka, aliwaomba jambo moja tu: wasimletee twiga wala machweo. Alitaka mji. Alisema watu wa nchi hizi mbili sasa wanaishi mijini, wanapanga foleni, wanapanda treni, wanakunywa pombe ya dukani, na hakuna anayewachora.

Mwezi wa saba mwaka 1977 picha zikafika Mbeya. Za Wazambia zilikuja kwa reli mpya, za Watanzania zilikuja kwa lori la chuo cha ualimu cha Iringa, ambako Liberatus alikuwa akifundisha sanaa. Zilitundikwa katika ukumbi wa maendeleo, ukuta wa kulia Tanzania na ukuta wa kushoto Zambia. Ilikuwepo foleni ya sukari. Walikuwepo akina mama wa soko la Mwanjelwa wakifunika mizigo yao mvua ikianza. Shija, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao, na ambaye riziki yake ilikuwa kuandika mabango ya baa na maduka, alileta picha ya ng'ombe aliyesimama mlangoni mwa baa akichungulia ndani. Watoto waliipenda hiyo kuliko zote.

Watoto hao waliletwa asubuhi ya siku ya ufunguzi na mwalimu wao wa darasa la sita, Damari. Aliwaacha wacheke mbele ya ng'ombe wa Shija, yeye akapita taratibu upande wa Zambia. Akafika mbele ya picha ya mwanamume aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi, nje, barabarani, taulo shingoni. Nyuma yake ulikuwa ukuta wa nyumba za wachimba shaba, na kioo kimening'inizwa kwenye msumari. Kinyozi alionekana mikono tu. Mwanamume mwenyewe alikuwa amekonda, amekaa wima, anamtazama mtu aliye mbele yake kama anayesubiri kuulizwa jambo.

Chini ya picha palikuwa na kipande cha karatasi. Kiliandikwa: *Ambakisye Mwaisela, mtu wa Masoko, Rungwe, akinyolewa siku ya Jumapili.*

Damari alisoma karatasi ile mara ya pili. Kisha akamwomba mwalimu mwenzake awarudishe watoto shuleni, akatoka ukumbini akitembea haraka kuelekea Mwanjelwa.

Ambakisye Mwaisela lilikuwa jina la baba yake. Damari hakuwa na sura yake akilini, kwa maana alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni baba yake alipoondoka na vijana wengine wa Rungwe kwenda kuchimba shaba, enzi za Mwingereza. Miaka ya mwanzo Ambakisye alituma mablanketi na salamu kwa mikono ya watu waliorudi. Kisha salamu zikapungua, na mwishowe zikakoma. Wengine walisema amekufa, wengine walisema ameoa. Mama yake Damari, Sekela, alikataa kuolewa tena na alikataa kumlilia mumewe. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye huenda kesho akaingia mlangoni, wala hawezi kumngojea mtu ambaye huenda amekufa. Akashuka mjini, akauza ndizi Mwanjelwa, akasomesha binti yake.

Damari alimkuta mama yake akipanga mikungu. Hakumweleza mengi. Alimwambia kuna picha ukumbini, na chini yake limeandikwa jina la baba. Sekela alimtazama, akafuta mikono yake, akamwomba jirani amwangalizie meza. Wakaondoka pamoja.

Alipofika mbele ya picha hakutazama uso kwanza. Alitazama mkono wa kushoto uliolala juu ya goti. Kidole cha mwisho kilikuwa kimekatika kwenye kiungo. Ambakisye alijikata kwa mundu akifyeka migomba, mwaka waliooana, na Sekela ndiye aliyemfunga jeraha. Ndipo akainua macho, akautazama uso, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Aliuliza aliyechora yuko wapi. Kijana mmoja mrefu aliyekuwa amesimama karibu na dirisha akasogea. Alikuwa Timotheo, mchoraji kutoka Kitwe. Alikuwa amemwona mama yule tangu alipoingia. Akainama, akamsalimia kwa Kinyakyusa.

Kinyakyusa chake kilikuwa cha kitoto, chenye makosa, lakini matamshi yalikuwa ya Masoko kabisa. Sekela alifumba macho aliposikia. Kisha akauliza, kwa Kiswahili ili kijana asipate taabu:

"Yuko hai?"

"Hapana, mama. Ameshatutoka, huu mwaka wa nne. Ni kifua. Vumbi la mgodini."

"Na wewe ni nani wake?"

"Ni mwanawe."

Sekela aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa jibu alilokwisha kulijua. Akavua viatu vyake akavipanga pembeni. Akafungua kitenge cha juu, akakitandika sakafuni chini ya picha, akajifunga kanga kiunoni, akaketi, miguu ameinyoosha mbele. Halafu akalia. Hakulia kwa fujo. Alianza chini, akaliita jina la mumewe na jina la baba wa mumewe, na sauti ikapanda mpaka watu wa nje wakaanza kuchungulia mlangoni.

Habari ilifika Mwanjelwa kabla ya saa sita. Wanawake wa ndizi, wa nyanya na wa vitumbua wakaja, wengine na unga, wengine na kuni, wakaketi kumzunguka Sekela. Wazee wa kanisa la Moravian wakaja na vitabu vyao vya nyimbo. Ukumbi ukawa msiba.

Liberatus alikuwa amehangaika miaka miwili kuyaleta maonyesho yale. Alikuwa amezunguka ofisi za nchi mbili, ameomba vibali, ameomba lori, na saa tisa mchana mgeni rasmi alikuwa anakuja kufungua. Alisimama mlangoni na hotuba yake mfukoni, asijue la kufanya. Mmoja wa wasaidizi akamshauri awaombe akina mama wahamie nje, kwenye majani. Liberatus akasogea mpaka karibu na Sekela, akachuchumaa ili aseme naye. Alipomwona usoni akabadili nia. Alimpa pole, akainuka, akawaambia wasaidizi watoe viti vyote vilivyopangwa ili watu wapate pa kukaa chini.

Mgeni rasmi alipofika alielezwa mlangoni. Alivua kofia, akaingia, akakaa sakafuni pamoja na wengine. Hakuna hotuba iliyosomwa. Wazee wa kanisa walianzisha wimbo kwa Kinyakyusa, na ubeti wa pili Wazambia wakaitambua sauti yake, wakaingia na maneno ya Kibemba. Waliimba hivyo, kila mtu kwa lugha yake, mpaka jua lilipoanza kushuka.

Damari peke yake hakulia. Alikuwa amesimama ukutani, mikono ameifunga kifuani. Watu walipopungua alimfuata Timotheo, wakatoka nje.

"Aliwahi kututaja?" aliuliza.

Timotheo alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu Kitwe, na alikuwa ameandaa jibu zuri. Alipomtazama dada yake, jibu lile halikutoka.

"Alipokuwa mzima, hapana," alisema. "Sikujua kama mpo. Alipougua ndipo alipoanza kusema. Alisema kuna mtoto anaitwa Damari, alimwacha akiwa hajui kutembea vizuri. Alikuwa akiuliza kama ameshajua."

Damari aligeuka akaondoka. Alirudi baada ya muda, macho mekundu, akaingia ndani akaketi kando ya mama yake.

Kesho yake alikuja Asajile, mdogo wake marehemu, pamoja na wazee wawili wa ukoo kutoka Masoko. Walitazama picha, wakaitambua, wakakaa na Timotheo uani wakamhoji kwa upole. Walitaka kujua ndugu yao alizikwa wapi na nani alimzika. Timotheo aliwaeleza: makaburi ya mgodini, mahali penye safu za misalaba ya mbao yenye namba, na sehemu ile sasa mgodi umeichukua, hata yeye hawezi tena kuonyesha pale hasa. Wazee waliposikia hivyo wakazungumza wao kwa wao kwa muda. Kisha Asajile akasema neno lao. Alisema mtu wa kwao hawezi kukosa kaburi. Babu yao mmoja alipotelea vitani enzi za Mjerumani, wakamzikia shina la mgomba mahali pake. Ambakisye ameacha kitu bora kuliko mgomba. Ameacha uso wake. Wanaiomba picha, wakaizike Masoko.

Timotheo alidhani hakusikia vizuri. Aliwaeleza kwamba hana picha nyingine ya baba yake, hata ya kamera. Aliichora miezi ya mwisho, Jumapili tatu mfululizo, baba yake akijilazimisha kukaa kwenye kiti kile ingawa kikohozi kilikuwa kimemshika. Ni kazi iliyomfanya aitwe mchoraji. Alisema anaweza kuwapa nguo ya marehemu, anaweza kuwachorea nyingine. Wazee walimsikiliza, hawakubishana naye. Sekela ndiye aliyejibu.

"Wewe ulikaa naye, ulimuuguza, ulimzika. Sisi hatujamzika. Lakini picha ni yako, sikunyang'anyi. Nenda nayo Iringa kama ilivyopangwa. Njia ya kurudi kwenu inapita kwetu. Ukifika, tutazungumza. Ukipita bila kusimama, nitaelewa pia."

Maonyesho yakafungwa Mbeya, lori likapakiwa, wakashika barabara ya Iringa. Njiani, kwenye kijiji cha Nyololo, walisimama kunywa chai, maana baridi ilikuwa kali na upepo ulikuwa unaingia chini ya turubai. Timotheo alikaa na Shija kwenye benchi la mgahawa. Alimweleza yaliyokuwa moyoni: kwamba akiizika picha ile anamzika baba yake mara ya pili, na safari hii kwa mikono yake mwenyewe akijua anachofanya.

Shija hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema kazi zake karibu zote zimeshafunikwa. Baa ikipata mwenyewe mpya, yeye ndiye huitwa kupaka chokaa juu ya bango lake mwenyewe na kuandika jina jingine. Mara ya kwanza alipofanya hivyo alishindwa kula. Siku hizi anakula. Timotheo aliuliza kama anamshauri aitoe. Shija akasema hamshauri kitu, bango la baa si baba wa mtu. Wakamaliza chai yao wakapanda lori.

Iringa maonyesho yalipokelewa vizuri kuliko Mbeya. Wanafunzi walikuja, masista walikuja, wakulima wa Kilolo waliokuja mjini kwa shughuli zao waliingia wakavua kofia. Siku ya tatu alikuja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, mtu mpole, anayejua sanaa, aliyekuwa akikusanya kazi za wachoraji wapya kwa ajili ya jumba la kudumu la sanaa lililokuwa likitarajiwa kuanzishwa. Alisimama mbele ya Ambakisye muda mrefu kuliko mbele ya picha nyingine yoyote. Alisifu kioo kile kwenye msumari, na namna weupe wa taulo ulivyobeba picha nzima. Akasema hiyo ndiyo anayoitaka, iwe ya kwanza ukutani.

Liberatus alifurahi mpaka akamshika Timotheo mkono mbele za watu. Jioni walipokuwa wakitembea kuelekea chuoni aliona kijana amenyamaza, akajua sababu yake.

"Nisikilize, Timotheo. Nilikaa chini na yule mama, nililia naye. Lakini picha hii ikikaa ukutani, watu watamwona baba yako miaka mia. Ikizikwa, mchwa watamwona msimu mmoja."

Timotheo alisema ni kweli. Hakuona kosa katika maneno yale, na ndiyo maana yalimuumiza. Alilala akiwa amekubali.

Asubuhi bwana wa Dar es Salaam alirudi kukamilisha mambo. Walizungumza vizuri, chai ikaletwa. Katika mazungumzo alisema kuna jambo dogo la kurekebisha. Ile karatasi ya chini ni ndefu, na jina la mtu asiyejulikana litawachanganya watazamaji. Yeye angependekeza picha iitwe *Kinyozi wa Mjini*.

Timotheo aliuliza kwa nini kinyozi, wakati kinyozi haonekani ila mikono. Yule bwana akaeleza kwa uvumilivu kwamba picha imeshavuka mtu mmoja. Sasa ni picha ya mji wowote wa Afrika, na mwanamume yule ni mtu yeyote.

Timotheo aliweka kikombe chini. Alikumbuka kwamba tangu wafike Iringa watu wengi walikuwa wamesimama mbele ya picha ile, wameisifia rangi, wameuliza alitumia brashi gani. Hakuna aliyeuliza yule ni nani, alikufaje, aliacha nani. Mbeya mwanamke mmoja alikuwa amekitazama kidole.

"Si mtu yeyote," alisema. "Ana mke. Naomba unisamehe, mzee, picha hii haiendi Dar es Salaam."

Bwana yule alishangaa, lakini alikuwa mstaarabu, akachukua picha ya akina mama wa soko badala yake. Liberatus ndiye aliyekasirika. Alimwambia Timotheo kwamba amemwaibisha, tena amejiharibia mwenyewe, na kwamba kuwapa watu heshima yao si lazima uwape na kazi yako. Siku iliyofuata Timotheo alifunga picha kwa blanketi, akaenda stendi, akapanda basi la Mbeya peke yake.

Walimzika Ambakisye Masoko, kwenye shamba la migomba la baba yake, ardhi ikiwa na unyevu wa ukungu wa asubuhi. Kaburi lilichimbwa la urefu wa mtu mzima, kwani Asajile alikataa lichimbwe dogo. Watu walikuja wengi, wakiwemo wazee waliokwenda naye kwenye shaba na kurudi. Fremu iliondolewa. Sekela aliitandaza turubai ya picha juu ya mkeka, akaipapasa usoni kwa kiganja, kisha akamwita Damari aje atazame kwa mara ya mwisho. Damari alipiga magoti, akatazama. Mama akaikunja picha taratibu, uso ukiwa ndani, akaizungushia sanda nyeupe na mkeka juu yake, ikashushwa.

Ulipofika wakati wa udongo, Asajile alimshika Timotheo bega akamsogeza mbele ya wanaume wote. Alisema mtoto wa kiume wa marehemu ndiye anayetangulia. Timotheo alichota udongo kwa mikono miwili. Alipousikia ukianguka juu ya mkeka alilia kwa mara ya kwanza tangu baba yake afe, maana kule Kitwe aliishia kushughulika na jeneza na magari, na hakuna aliyemwambia kwamba yeye ndiye anayetangulia.

Alikaa Masoko mpaka matanga yakaanuliwa. Damari alimuuliza mambo mengi katika siku zile, mengine madogo madogo: baba alipenda chai ya namna gani, alikuwa akiimba kanisani, alicheka vipi. Timotheo alimjibu yote, na pale baba yao alipokuwa na makosa alisema hivyo hivyo. Siku moja alijaribu kumchorea sura ile kwenye karatasi kwa kalamu ya risasi. Ilikataa. Mdomo ulikuja, macho hayakuja. Aliichana, na baada ya hapo hakujaribu tena.

Na Liberatus walipatana baadaye, lakini haikuwa kama mwanzo. Maonyesho yalikwenda Lusaka bila picha ile.

Siku ya kuondoka, Sekela alimsindikiza Timotheo mpaka stesheni ya Mbeya. Walisimama chini ya saa kubwa wakisubiri treni. Hapo ndipo alipouliza jambo ambalo hakuwa ameligusa siku zote zile.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Kalista."

"Anajua ulikuwa huku?"

"Anajua. Alikuwa anaogopa mtanifukuza."

Sekela alifikiri. Treni ilikuwa imeshaanza kusikika kwa mbali.

"Mwambie Kalista kaburi lipo," alisema. "Yeye ndiye aliyemfumba macho. Akitaka kuja kuliona, aje, nitampokea mimi."

Kalista alikuja mwaka uliofuata, kiangazi, akiwa na mzigo wa vitenge na samaki wakavu wa kwao. Hakujua Kiswahili wala Kinyakyusa, na Sekela hakujua Kibemba. Timotheo alitaka kuwa katikati yao awatafsirie, lakini hawakumngoja. Walishikana mikono pale stesheni, wakatazamana, kisha Sekela akamtua mzigo, akautia kichwani mwake, wakatangulia.